Ncha Iliyobaki Ndani ya Chuma

Masasi,
21 Septemba 1997

Mpendwa dada Dominika,

Shikamoo. Naamini barua hii inakukuta umeamka salama, wewe na wanao, Leonia na mdogo wake, na kwamba kile kifua kilichokusumbua wakati wa kupuliza salfa kwenye mikorosho kimepoa. Sisi huku tunaendelea. Mke wangu Esther alifurahi mno na ile mizizi ya ming'oko uliyotutumia. Aliichemsha siku hiyohiyo na jirani hakuonja hata mmoja. Mimi mwili ni mzima. Nasema mwili, kwa sababu hayo mengine ndiyo yatakayojaza karatasi hizi, na nakuomba uketi kabla hujaendelea, tena usome peke yako kwanza.

Barua yako niliipata. Umeniuliza jambo moja, nami nimekaa nalo wiki tano bila kujibu, mpaka najua umeshajiuliza mdogo wako huyu amekuwa bubu tangu lini. Umesema mjomba Nikolao ameitisha kikao cha ukoo Jumapili ya tarehe 28, na kwamba anataka mambo yako na Ladislaus yaishe kabisa, aambiwe mbele ya watu kuwa hana tena mke Kitangari, wala asitume tena mhogo kwa watoto kama anavyotuma kila msimu. Mjomba anangoja neno langu tu, kwa kuwa mimi ndiye ndugu yako wa kiume wa pekee. Halafu ukaandika mstari ambao nimeusoma mara nyingi kuliko sala zangu: kwamba wewe mwenyewe hujui useme nini, kwa sababu hujui kama uliolewa na mlevi aliyemuua mama yetu au na mtu mwema aliyepatwa na balaa.

Hilo naweza kukujibu. Ila siwezi kulijibu kwa mstari mmoja. Nikijaribu utadhani nimechanganyikiwa. Lazima nianzie karakana, na najua habari za vyuma hukutia usingizi, lakini leo nivumilie.

Unakumbuka mwaka ule wa 1994, karakana yetu iliamka asubuhi ni ya serikali na jioni ikalala ni ya mtu. Mtu mwenyewe ni Halfani, huyu tajiri wetu wa sasa. Tulikuwa mafundi kumi na mmoja. Alitukusanya, akatushukuru sana kwa kazi yetu, kisha akasema kwamba ikifika Krismasi atabaki na watatu. Tangu siku hiyo kila mmoja alikuwa anachungulia mikono ya mwenzake. Ukikohoa watu wanajua umeanza kuchoka.

Aliyekuwa ananifundisha mimi ni mzee Ambakisye, yule mhandisi Mnyakyusa uliyemwona siku ya ubatizo wa mwanangu, aliyekataa uraka, ile pombe yetu ya mabibo, akaomba maziwa. Yeye alikuwa ameshaandikiwa barua ya kuondoka, lakini hakutaka kuondoka na kichwa chake kimejaa. Alinikabidhi mashine ndogo aliyoipenda kuliko zote. Ungeiona ungesema ni cherehani. Kisu chake kinazunguka kama keke, lakini badala ya kutoboa kinatembea ubavuni na kuchonga mfereji ndani ya chuma. Visu vilikuwa vyembamba, kinene kabisa ni kama njiti ya kiberiti, na chembamba ni kama ncha ya penseli. Chini ya chuma kinachochongwa mzee alifunga bamba juu ya springi nyembamba, na kando ya bamba akafunga saa ya kupimia. Kisu kikisukuma chuma, bamba linasogea kidogo tu, jicho halioni, ila mshale wa saa unaona. Kila kisu kilipopita tuliandika daftarini mshale umesimama wapi. Mzee alisema fundi anayekata bila kujua anasukuma kwa nguvu gani hana tofauti na mtu anayepiga simu bila kusikiliza.

Alinifundisha jambo ambalo sikuwahi kulisikia kwa fundi mwingine. Kisu kikubwa, alisema, kinamsamehe mtu. Kidogo hakisamehi. Ukikilisha chuma kingi kinavunjika, hilo hata mtoto analijua. Lakini ukikilisha kidogo mno pia kinavunjika, kwa sababu makali yake, hata yakiwa mapya, yana uduara wake, na ukiyapa tonge dogo kuliko uduara huo hayakati tena, yanasugua. Chuma kinalala, kisu kinapita juu yake, chuma kinainuka. Joto linapanda, makali yanakufa, na mshale unaanza kupanda nao ingawa hujaongeza kitu. Mshale ukipanda simama, alisema, badilisha kisu, usilegeze mkono. Chuma kilichochomwa na kuzimishwa kwenye oili hakibembelezwi. Alilirudia somo hilo mpaka nikamchoka.

Nami mkono wangu, dada, umelelewa na mpingo. Wewe ulikuwa jikoni na mama, mimi nilikuwa miguuni pa baba na kile kipatasi kidogo. Baba alinifundisha kwamba ukifika mahali mti umekuwa mgumu, unapunguza nguvu, unapapasapapasa, unaungoja, na mti wenyewe utakubali. Kwa mpingo ni kweli. Nilikuwa nimeishi hivyo miaka ishirini kabla sijakutana na mzee Ambakisye.

Basi Septemba ile pampu ya bondeni, inayopandisha maji Kitangari na aliyopewa Ladislaus kuilinda, ikaharibika. Injini ilikuwa nzima, ila gavana, kile kifaa kinachoizuia isikimbie kupita kiasi, pini yake ilikuwa imelika. Pini ya asili haikupatikana. Lakini soko lilikuwa limefunguliwa, maduka ya Dar yamejaa spea za kila taifa, na Halfani akarudi na pini ya injini nyingine kabisa. Ilikaribia kufanana. Ilikosa mfereji mmoja tu, upana wa milimita moja, urefu wa punje ya mchele. Pini ilikuwa imeshaimarishwa kwa moto kiwandani. Kuilainisha tena kwa moto kungeipinda. Ilibidi ichongwe ikiwa ngumu vilevile. Mzee Ambakisye alikuwa ameondoka kwenda kwao wiki moja kabla. Halfani akaniwekea ile pini mezani, akasema anayeweza kazi hii ajihesabu yumo katika wale watatu.

Niliimaliza kwa siku mbili. Nilishuka nayo bondeni mwenyewe, nikaifunga mwenyewe, Ladislaus akinipa spana moja baada ya nyingine na kunitania kwamba shemeji yake ana vidole vya mkunga. Kabla ya jua kutua maji yalikuwa Kitangari. Ulinichinjia kuku, dada. Ulitamba bombani kwamba maji yale ni ya mdogo wako, na mama akacheka mpaka akakaa chini.

Yaliyofuata unayajua, lakini nayaandika, maana nataka yawe kwa mkono wangu. Siku ya kumi na tisa, saa nane mchana, mkanda wa pampu ulikatika. Injini ikabaki haina mzigo. Hapo ndipo gavana ilipotakiwa kuibana dizeli, nayo haikuibana. Injini ikapagawa. Wanasema mlio wake ulisikika mpaka kwenye mashamba ya juu. Ladislaus alivua shati akalikandamiza kwenye tundu la hewa ili injini ife, nayo ikalivuta shati pamoja na vidole viwili. Ilikufa, lakini ilikuwa imeshajivunja na kuivunja pampu. Watu waliposhuka walimkuta ameegemea ukuta, damu inamtoka, na ananuka uraka. Ulikuwa msimu wa mabibo, nani hanuki uraka? Alikunywa kikombe kimoja na chakula cha mchana. Walipomuuliza ilianzaje hakuweza kueleza. Alisema alifumba macho kidogo kwa sababu ya jasho. Kutokana na hayo macho yaliyofumbwa kidogo watu wakamtengenezea usingizi mzima.

Maji yakakosekana wiki saba. Mama yetu, ambaye hakuna aliyewahi kumshinda kwa neno, alikataa kungoja ndoo yako, akashuka bondeni na ndoo yake mwenyewe, na wakati wa kupanda akateleza. Alilala hospitali siku tisa na nyonga iliyovunjika. Siku ya kumi tukamchukua kwenda kumzika.

Siku ya kumaliza matanga, mjomba Nikolao alisimama uani mbele ya watu wote. Hakumuuliza Ladislaus. Aliniuliza mimi, kwa kuwa mimi ndiye fundi wa ukoo. Aliuliza kama injini inaweza kukimbia yenyewe hivyo na mtu aliyepewa kuilinda yuko macho. Ulikuwa umekaa karibu na mlango wa jiko, umejifunika khanga mpaka kwenye pua. Ulinitazama. Nikasema haiwezi.

Mjomba akasema mtu aliyelala kando ya mashine mpaka mama mkwe wake akafa hawezi kuendelea kulala katika nyumba ya binti yetu. Ladislaus hakubisha. Aliomba radhi, akachukua jembe na blanketi, akaenda kwao Chiwata, na mkono ule bado una bandeji. Mjomba akampiga marufuku kukanyaga uani kwetu.

Tangu hapo, dada, sijapata kimya. Naona aibu kukuandikia haya, mimi mtu wa miaka thelathini na minane. Mashine ikiwa imezimwa, waya umechomolewa ukutani, mshale wa ile saa unasogea. Nainuka kwenda kuutazama, na nikifika umetulia. Esther akikuna nazi nasikia kisu kinasugua chuma, mpaka meno yananiuma. Nilimdanganya kwamba nazi inanivimbisha tumbo, naye kwa huruma akaacha kuipika, na watoto wangu huu mwaka wa tatu wanakula maharage ya chumvi kwa sababu ya uongo wangu. Na mama huja. Haji ndotoni, huja saa za kazi, jua likiwa kali, mafundi wengine wakipiga soga nje. Anasimama dirishani na ile ndoo yake ya njano, haina kitu. Ungetarajia marehemu akutazame usoni. Yeye anatazama mshale. Naogopa, dada. Naogopa mchana.

Mwezi wa saba mzee Ambakisye alipita Masasi akielekea Mtwara, akaja kusalimia karakana. Aliomba kuona daftari lake. Akalifunua polepole, akifurahi, mpaka akafika kwenye ukurasa wa ile pini. Akaweka kidole. Akasema kwa sauti ya chini kwamba katika maisha yake yote hajaona kisu kinachopita mara kumi na mbili kwenye chuma kigumu na mshale ukasimama palepale kwenye mbili, mbili, mbili, kama kisu hakichoki. Kisha akalifunga daftari, akaniuliza habari za watoto. Hakurudia tena. Ilikuwa afadhali angenipiga.

Sasa nakuambia, Dominika. Siku ya pili ya kazi ile, nikiwa nimebakiza unene wa nywele chache mfereji uishe, mshale ulipanda. Ulitoka mbili ukaenda tatu, ukaenda nne. Kisu kilikuwa cha mwisho. Nilijua natakiwa kusimama, na nilijua kusimama ni kumwambia Halfani tungoje kisu kingine kutoka Dar, na fundi mwingine angeshaingia kwenye nafasi yangu. Nikalegeza mkono. Nikaibembeleza ile pini kama baba alivyonifundisha kuubembeleza mpingo, nikakilisha kisu kidogo, kidogo zaidi, na mlio ukaacha kuwa wa kukata ukawa wa kusugua. Mshale ukaruka hadi tisa, ukaanguka sifuri. Ncha ya kisu ilikuwa imekatikia ndani ya mfereji. Nguvu yenyewe, dada, haizidi ile ya kufunga kifungo cha shati. Bado iko kwenye vidole vyangu.

Nilijaribu kuitoa kwa sindano, haikutoka. Nikasugua juu yake kwa jiwe la kunolea mpaka pakawa laini, mfereji ukaonekana mzima, nikajiambia imekaa pembeni, haitagusa kitu. Daftarini nikaandika mbili, mbili, mbili. Ndiyo pini niliyomfungia mumeo.

Hilo ningeweza kuliita kosa la kazi. Linalofuata sina jina lake. Mama akiwa bado hospitali, ile gavana iliyovunjika ililetwa karakana kwenye gunia ili fundi aseme ilikuwa na hitilafu gani. Fundi nilikuwa mimi. Niliifungua peke yangu. Ncha ilikuwa imechomoka mferejini, imejibana kando ya pini, imeishikilia pini isirudi. Ndiyo iliyoiachia injini dizeli yote. Niliitoa kwa koleo, nikasafisha, nikawaambia gavana haikuwa na tatizo. Kwa hiyo siku mjomba aliponiuliza, na mimi nikasema haiwezi, si kwamba sikujua. Ilikuwa mfukoni mwa shati langu, nimeifunga kwenye karatasi ya pakiti ya sigara.

Nimeibandika hapa chini kwa utepe wa gundi. Ni ndogo kuliko punje ya ulezi, usije ukaipuliza. Mjomba akidai ushahidi, ni huo, na daftari la mzee Ambakisye ninalo.

Mama hakuuawa na Ladislaus. Niliyemuua ni mimi, na nikamwachia msiba wangu mtu mwenye vidole vinane.

Alhamisi nilikwenda Chiwata. Nilimkuta anafyeka chini ya mikorosho ya baba yake. Nilimweleza yote nimesimama, sikutaka kukaribishwa kiti kabla hajajua anamkaribisha nani. Alikuwa na panga mkononi, nami nilikuwa nimejiandaa. Alinisikiliza neno kwa neno, akaliweka lile panga chini, kisha akaniuliza kama kwa hiyo yeye hakulala. Nikamwambia hakulala. Akauliza tena kama nina hakika kwamba siku ile hakulala. Nikasema nina hakika. Akaniambia kwamba miaka mitatu hii amekuwa akiirudia saa nane ile, na kila akiirudia usingizi unaongezeka kidogo, mpaka siku hizi anaikumbuka hata ndoto aliyoiota. Akanisimulia ndoto yenyewe. Halafu akaketi kwenye majani akalia, na mimi nikalia. Hakusema amenisamehe, wala sikumuomba, maana sikuwa na uso wa kuomba.

Halfani nilimwambia jana. Alisema mambo ya zamani yaachwe, pampu ina injini mpya na watu wanakunywa maji, sasa mimi nafufua nini. Nilipomwambia nitayasema mbele ya kikao, alinyoosha mkono nikampa funguo za karakana. Esther anajua. Leo siku ya pili hajasema nami, na ana haki.

Kwa hiyo neno langu linalongojwa na kikao ni hili: sikubali. Tarehe 28 nitakuja mwenyewe, nitasimama uani palepale niliposema haiwezi, na nitasema tena mbele ya walewale. Mjomba atakavyonihukumu ni juu yake. Nawe usinisamehe haraka kwa sababu tu ulinibeba mgongoni. Kama hutaki nilale kwako siku hiyo, nitalala Newala mjini.

Mpe Leonia na mdogo wake salamu za mjomba wao, ingawa sijui ni mjomba wa namna gani. Mzee Nikolao mfikishie shikamoo yangu, akiipokea.

Aliyekuletea barua hii ni Ladislaus. Amekuja mwenyewe Masasi kuichukua, amekataa itumwe kwa mtu mwingine. Kama sijakosea yuko njiani nje ya ua, hajavuka, kwa sababu alikatazwa, na hatavuka mpaka mwenye nyumba amwite. Mwite, dada. Na akikuuliza, mwambie hakulala. Mimi nimeshamwambia mara nyingi, lakini naona bado anangoja kulisikia kwako.

Ni mimi mdogo wako,
Gervas